Barakoa Iliyopanuliwa Macho

Akida Gaianus alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya watu mia sita, na hakuna hata mmoja aliyemwona aliyempiga.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya maonyesho. Jukwaani alikaa mjumbe wa gavana, aliyekuja kukitazama kikosi cha wapiga mishale wa Shamu wakicheza na farasi zao. Uwanjani walikuwemo wapanda farasi thelathini, wote wa kundi la Gaianus. Kumi, pamoja na akida mwenyewe, walisimama na ngao wakijifanya maadui. Ishirini waliwazunguka mbio, wakiwafyatulia mishale ya mchezo, ile ambayo nchani haina chuma bali kifundo cha mti.

Wote walivaa barakoa. Kofia zao za maonyesho zilifunika kichwa kizima, na mbele ya kila kofia palikuwa na uso wa shaba iliyopakwa bati. Ulikuwa uso wa kijana mzuri asiye na ndevu, asiyecheka wala kununa, wenye matundu mawili ya macho na mwanya mwembamba wa mdomo. Nyuso zilikuwa thelathini na sura ilikuwa moja. Juu ya kila kofia ulipepea mshungi wa manjano.

Gaianus alinyanyua ngao yake kumsalimu mjumbe. Hapo ndipo mshale ulipomwingia chini ya kwapa la kushoto, pale deraya ya magamba inapoachia. Alikaa kidogo, ameshikiliwa na pembe nne za tandiko, kisha akainama upande na kwenda chini.

Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

*

Kamanda wa ngome, Domnus, alifunga milango yote. Akaamuru wapanda farasi wasimame uwanjani, kila mtu mbele ya farasi wake na kofia yake miguuni. Asinawe mtu, asibadilishe nguo mtu. Kuwakusanya kulichukua muda, maana katika ile fujo farasi walikuwa wametawanyika, wengine mpaka mazizini. Kisha akamtuma mtu kituo cha njia panda kumwita Vindo.

Vindo alikuwa mpelelezi wa gavana katika sehemu ile ya mto Danubio. Alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, mfupi, mnene, mwenye miaka arobaini na mitano. Farasi mmoja aliwahi kumkanyaga mguu akiwa askari kijana, na tangu siku hiyo hakuwaamini tena. Alikuja amepanda nyumbu.

"Afande, huyo ni nyumbu au ni shemeji yako?" askari wa lango alimuuliza.

"Ni nyumbu. Shemeji nimemwacha nyumbani, anakusalimu sana. Fungua lango."

Kamanda Domnus alikuwa akimngoja kivulini mwa jukwaa, jasho likimtoka.

"Umekawia."

"Nimefika, afande."

"Mjumbe anaondoka saa kumi. Nataka akiondoka awe ameshaona muuaji ameadhibiwa. Sitaki iandikwe kwamba vijana wangu wanaua maakida wao mbele ya wageni."

"Marehemu yuko wapi?"

Marehemu alilazwa chini ya turubai. Daktari wa kikosi, mzee mkimya mwenye mikono mirefu, alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda.

"Umeugusa mshale?" Vindo alimuuliza.

"Sijaugusa. Nilijua ungeuliza."

"Umeingiaje?"

"Kati ya ubavu wa tatu na wa nne, ukaenda moja kwa moja moyoni. Hata kupiga kelele hakuwahi."

Vindo aliomba uchomolewe. Daktari alikata nyama kidogo, akauvuta taratibu, akaufuta kwa kitambaa. Kigumba kilikuwa cha chuma, chenye makali matatu. Kilikuwa kigumba cha vita. Vindo aliugeuza uti wa tete mara mbili, akautazama juu mpaka chini.

"Pete ziko wapi?"

Kila mpiga mishale wa kikosi kile hupaka mishale yake pete za rangi, ili baada ya mazoezi kila mtu aokote ya kwake. Mshale huu haukuwa na pete hata moja. Manyoya yake yalikuwa mapya, yamegundishwa vizuri na kufungwa uzi kwa mkono usiotetemeka.

"Umbali gani, daktari?"

"Hatua ishirini. Labda chini ya hapo."

"Juu ya farasi anayekimbia. Katika nafasi isiyozidi kiganja." Vindo aliiokota kofia ya Gaianus, akaivaa, akaivuta barakoa mpaka kidevuni. Dunia ikapotea. Alibaki na vipande viwili vidogo vya mwanga, na pumzi yake mwenyewe ikamrudia usoni kwa joto. Alinyoosha mkono kumtafuta daktari, akashika turubai.

Aliivua.

"Hawa watu wanaona nini humu ndani?"

"Wanaona vya kutosha wasianguke," daktari alisema. "Farasi ndiye anayeona."

"Basi aliyempiga huyu alikuwa anaona kuliko wenzake."

*

Alianza na wale ishirini. Hakuwauliza neno. Alipita mbele yao, akiokota kofia moja baada ya nyingine, akapitisha kidole gumba kuzunguka matundu ya macho. Shaba kuukuu huwa laini na nyeusi pembeni. Askari walimtazama kwa pembe ya jicho. Nyuso zao zilikuwa kichekesho: kila mmoja alikuwa na mstari mwekundu kwenye paji la uso, na mwingine chini ya mdomo, pale barakoa ilipokaza, na katikati jasho lilikuwa limechanganyika na weusi wa shaba.

Kwenye kofia ya kumi na nne kidole chake kilikwaruzwa.

Aliiinua kwenye jua. Matundu yote mawili yalikuwa yamepigwa tupa, yamepanuliwa kwa upana wa ukucha kila upande. Shaba iling'aa kama imezaliwa jana. Aliigeuza, akasoma vitone vilivyogongwa kwenye ukingo wa kisogoni: *Kundi la Gaianus. Ya Salamas.*

Vindo aliinua macho. Mwenye kofia alikuwa kijana mkubwa wa miaka kama ishirini na sita, mabega mapana, kichwa kikubwa kama chungu.

"Wewe ndiye Salamas?"

"Ndiye, afande."

"Nani kapiga tupa macho ya kofia yako?"

"Sijui."

"Leo uliivaa?"

"Niliivaa."

"Mlizunguka mara ngapi kabla akida hajaanguka?"

"Kama wenzangu."

"Wenzako walizunguka mara ngapi?"

"Mara tatu."

Vindo alimgeukia aliyesimama kando yake. "Mara ngapi?"

"Tano, afande," yule alijibu, akimtazama Salamas kwa mshangao. "Ya tano ndiyo alipoanguka."

Vindo alimkaribia Salamas, akainua macho kuutazama uso wake. Kijana alikuwa safi. Hapakuwa na mstari kwenye paji la uso wala weusi wa shaba. Nyuma ya sikio lake lilining'inia jani kavu la nyasi.

"Umenawa?"

"Ndiyo."

"Kamanda alikataza."

"Nilisahau."

Domnus alikuwa ameshafika, na alikuwa ameshasikia ya kumtosha. "Basi ndiye! Kofia ni yake, na anaongopa. Mfungeni!"

"Anaongopa kweli, afande," Vindo alisema. "Lakini huyu leo hakupanda farasi. Alikuwa amelala kwenye ghala la nyasi. Ngoja. Salamas, ivae."

Salamas hakusogea. Askari wawili walimshika mikono, na Vindo mwenyewe akamvisha kofia. Ilikwama juu ya masikio. Alisukuma, ikakataa. Kidevu cha kijana kilibaki nje chini ya uso wa shaba, kama mtu aliyevaa kofia ya mdogo wake. Mmoja wa wale askari aliangua kicheko, kisha akakumbuka mahali alipo.

Vindo aliivua, akaingiza mkono ndani. Kileleni palikuwa pamewekwa pedi nene ya sufu mpya, imekunjwa mara mbili, ili kofia ya kichwa kikubwa imkae mtu wa kichwa kidogo. Aliitoa. Sufu ilikuwa bado mbichi kwa jasho. Aliinyoosha juu ya goti, akachomoa vitu vitatu kwa ncha za kucha, akavilaza kwenye kiganja.

Zilikuwa nywele, fupi na nyeupe kabisa.

Alitembeza macho kwenye safu nzima ya wapanda farasi. Hapakuwa na mtu wa kupita miaka thelathini na mitano pale.

"Nani aliivaa, Salamas?"

"Sisemi."

"Saa kumi utauawa kwa ajili yake. Unajua?"

"Najua."

"Ni baba yako? Ni mjomba?"

"Si kitu kwangu." Macho yake hayakukwepa. "Afande, mwaka huu nimeshamtaja mtu mmoja kwa uongo. Sitamtaja mwingine, hata kwa ukweli."

*

Vindo alikwenda kwa karani wa ngome na kuomba orodha ya kundi la Gaianus. Karani aliyafungua mabao yake ya nta, akaelekeza kwa kalamu. Majina thelathini na mawili. Kando ya moja paliandikwa *amekufa*, na jingine lilikuwa limepigwa mstari.

"Huyu Barsemis?"

"Mtoro," karani alisema. "Alitoroka majira ya kuchipua. Alivuka mto akajiunga na Wasarmatia. Akida Gaianus alimfuatilia ng'ambo na watu wawili, wakarudi na kofia yake tu. Aliitupa njiani ili akimbie mwepesi."

"Hao wawili ni nani?"

"Mmoja amekufa kwa homa. Mwingine ni Salamas. Wote waliapa mbele ya kamanda."

"Na huyo mtoro ana ndugu hapa?"

Karani alishusha sauti, ingawa chumbani walikuwa wao wawili. "Baba yake ni mzee Monimus, mtunza silaha. Afande, huyo mzee alikaa juu ya farasi miaka ishirini na sita. Katika kikosi chote hakukuwa na mkono kama wake kwenye upinde. Ile aibu imemmaliza."

"Nywele zake zikoje?"

"Nywele?" Karani alicheka kwa kutoelewa. "Nyeupe kama pamba."

*

Ghala la silaha lilinuka gundi ya ngozi na mafuta. Pinde zilitundikwa bila nyuzi, zimejikunja kinyume kama wanyama waliolala. Ukutani zilipangwa kofia za vita, zile zisizo na barakoa, zenye mabawa ya shaba ya kufunika mashavu.

Monimus alikuwa amekaa dirishani, akifunga kano kwenye upinde uliopasuka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kichwa kidogo cha nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi. Aliinuka.

"Karibu, afande. Umekuja kwa ajili ya ule mshale?"

"Kwa ajili ya mambo mengi, mzee. Kaa."

Vindo hakukaa. Alipita kando ya kofia, akisoma kisogo cha kila moja. Zilikuwa na majina mawili, matatu, nyingine manne, kila mwenye kofia akigonga jina lake chini ya jina la aliyemtangulia. Kwenye moja alisimama. Mstari wa kwanza ulisomeka vizuri: *Ya Monimus.* Mstari wa pili ulikuwa umepondwa kwa nyundo mpaka shaba ikawa bapa.

"Hii ilikuwa yako?"

"Yangu. Nilipostaafu kupanda, nikampa mwanangu."

"Jina lake nani kalifuta?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Akida Gaianus. Alisimama hapo hapo ulipo, mpaka nikamaliza."

Vindo alimgeukia. Juu ya pua ya mzee palikuwa na mchubuko mbichi, na damu yake haijakauka sawasawa.

"Pua imepatwa na nini?"

"Nimejigonga."

"Kwenye nini?"

"Mlango." Monimus aliushika tena ule upinde.

"Mzee, Salamas atauawa saa kumi."

Upinde ulishuka mapajani.

"Salamas? Kwa nini Salamas? Yeye hata hakuwemo uwanjani!"

"Wewe umejuaje?"

Nje mtu aliita farasi kwa jina, na farasi akalia. Monimus aliuweka upinde juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto, akajifuta mikono kwenye vazi lake.

"Nimejua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa juu ya farasi wake," alisema. "Mwache. Yeye nilimwambia nataka kupanda mara moja tena mbele ya watu kabla sijafa. Hakuniuliza zaidi. Baada ya kupiga nilimrudishia farasi na kofia mazizini, nikaja hapa kwa mlango wa nyuma."

"Na macho uliyapanua wewe."

"Kwa tupa yangu. Zamani nisingehitaji. Siku hizi nikivaa barakoa sioni hata masikio ya farasi."

"Basi pua ilichubuliwa na barakoa. Mbona umeniongopea habari ya mlango?"

"Nilikuwa nimepanga kukwambia. Tangu asubuhi nimekaa hapa nikikungoja. Ila ulipoingia nikaogopa. Sikujua kwamba bado ninaweza kuogopa."

Vindo alivuta kigoda, sasa akakaa. "Nieleze."

Monimus alifungua kifuko cha ngozi kilichokuwa shingoni mwake, akatoa kipande cha ukanda mwembamba chenye fundo, kirefu kama kidole.

"Gaianus aliporudi kutoka ng'ambo alinirushia kofia ya mwanangu. 'Mtoto wako ameitupa,' akasema. Nikaichukua kuisafisha, ndiyo kazi yangu. Ukanda wa kidevuni nikaukuta hivi. Utazame."

Vindo aliupokea. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa kisu, kata moja iliyonyooka. Ndani, pale ukanda unapogusa taya, ngozi ilikuwa nyeusi kwa damu iliyokauka.

"Mtu anayetaka kuitupa kofia yake hufungua fundo," Monimus alisema. "Fundo hili nilimfundisha mimi. Linafunguka kwa kidole kimoja, farasi akiwa mbioni. Hili fundo halikufunguliwa, afande. Lilikuwa bado limefungwa. Mtu mwingine ameukata ukanda, chini ya kidevu cha mtu aliyekuwa amelala."

"Ulimwonyesha kamanda?"

"Siku ile ile. Akaniambia akida ameapa, na mashahidi wawili wameapa, na ukanda wa ngozi hauwezi kuapa. Nikarudi tena baada ya mwezi. Safari ya tatu walinizuia mlangoni." Alipumua. "Mke wangu akienda kisimani, wenzake wanaondoa ndoo zao. Mama wa mtoro. Hatuna hata ruhusa ya kumwekea jiwe la ukumbusho."

"Ungeweza kumwotea Gaianus kichochoroni. Kwa nini pale, mbele ya mjumbe?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Mwanangu alipokufa hakuna aliyekuja kuuliza. Nilitaka huyu afe mahali ambapo lazima mtu aje kuuliza. Nikafanikiwa. Umekuja."

*

Alimpeleka makao makuu bila kumfunga. Domnus alipomwona alitaka kusema jambo, kisha akaona ule ukanda mkononi mwa Vindo, akakaa.

Salamas aliletwa. Alipomkuta Monimus amesimama pale, alipiga goti moja chini.

"Mzee, sikukutaja. Naapa sikukutaja."

"Najua, mwanangu. Nimejitaja mwenyewe."

"Salamas," Vindo alisema, "mzee amekiri. Hakuna tena wa kumficha. Sasa nieleze ya ng'ambo."

Kijana alisema, bila kupandisha sauti, na karani akaandika.

"Barsemis hakutoroka. Akida alisikia ng'ambo kuna farasi wazuri wa Wasarmatia wanalisha bila mlinzi. Akatuchukua sisi watatu kwenda kuwaiba. Kamanda alikuwa amekataza mtu yeyote kuvuka, kwa sababu ya mkataba wa amani nao. Tukawakuta farasi, na walinzi pia tukawakuta. Tukakimbia. Farasi wa Barsemis alikanyaga shimo la mnyama, akapinduka juu yake. Akavunjika paja. Mfupa ulikuwa nje, na taya lilikuwa limepasuka, linatoka damu."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Anaongea. Aliomba maji, nikampa. Nikataka kumpandisha kwenye farasi wangu. Akida akasema hapana, atatuchelewesha, tutamrudia baadaye. Tukapanda. Tumeshaondoka kidogo, akida akasimama, akafikiri, akarudi peke yake. Sikuwa mbali. Alishuka, akatoa kisu, akamkata ukanda wa kofia."

Monimus hakusogea.

"Barsemis akamuuliza, 'Kofia ya nini, akida?' Hakujibiwa."

Kalamu ya karani ilikuwa imesimama.

"Njiani akatuambia: mkisema tulikwenda kuiba farasi, tutauawa sote watatu kwa kuvunja mkataba. Tuseme Barsemis alitoroka, sisi tukavuka kumfuata. Mtu akimfuata mtoro hana kosa. Nikaapa." Salamas alipangusa uso kwa kiganja. "Mzee aliponijia kuniomba kofia na farasi, nilimtazama usoni nikajua si kwa ajili ya maonyesho. Nikampa. Hiyo nayo iandike, karani."

Vindo alimgeukia Monimus. "Mzee, una la kuongeza?"

"Maji," Monimus alisema. "Ulimpa maji kiasi gani?"

"Kiriba chote. Nilimwachia."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo alipofunika uso wake kwa mikono miwili.

Domnus alimvuta Vindo kando, karibu na dirisha. "Sikiliza. Tuna muuaji, na amekiri. Hayo mengine ya ng'ambo hayana haja ya kuingia kwenye taarifa. Gaianus amekufa. Farasi, mkataba, mimi kuletewa ukanda nikaukataa… Unaelewa."

"Naelewa, afande."

"Basi andika mauaji tu."

"Siwezi kuandika nusu. Gavana atauliza kwa nini. Nikisema sijui, ataniuliza nalipwa kwa kazi gani. Nikisema ninayoyajua, atauliza kwa nini hayakuandikwa." Vindo alimrudishia macho. "Ila kuna jambo moja linaweza kukusaidia. Taarifa yangu inaweza kusema kwamba kamanda, mara tu alipoujua ukweli, siku hiyo hiyo alilirudisha jina la askari wake kwenye orodha. Kama litakuwa limerudi kabla sijatia muhuri."

Domnus alitazama uwanja. Kisha akamwita karani. Mstari uliopigwa juu ya jina la Barsemis ulikwanguliwa kwenye nta, na kando yake yakaandikwa maneno mawili: *amekufa kazini.*

Salamas alihukumiwa hapo hapo: viboko ishirini kwa kukosa maonyesho na kuapa uongo. Adhabu kubwa zaidi itangoja neno la gavana. Monimus hakuhukumiwa ngomeni. Kesi ya kumuua akida ni ya gavana peke yake, na wote mle ndani walijua gavana atasema nini. Mjumbe aliamua kumchukua katika msafara wake.

*

Saa kumi kasorobo Matumara, mke wa Monimus, aliruhusiwa kuingia. Alikuwa mwanamke wa huku huku mtoni, mrefu, mwenye kitambaa kikubwa kichwani na mikono ya mtu aliyefua nguo za askari miaka mingi. Alikuwa amebeba mkate na jibini kwenye nguo. Alimpa mumewe mkononi. Walizungumza chini kwa chini, vichwa vimegusana, na hakuna aliyewasogelea. Kisha Monimus akapandishwa juu ya farasi wa mzigo, mikono imefungwa mbele, na msafara ukatoka kwa lango la kusini.

Matumara alisimama mpaka vumbi lilipotua. Ndipo akamfuata Vindo, aliyekuwa akihangaika na nyumbu wake.

"Wewe ndiye mpelelezi?"

"Ndiye, mama."

"Mume wangu amenieleza, lakini yeye ni baba, anaweza kusema lolote ili nilale. Nataka kusikia kwa mtu asiyetujua. Mwanangu alikimbia au hakukimbia?"

"Hakukimbia, mama. Aliachwa. Imeandikwa, na ina muhuri."

Matumara alijifuta pua kwa upindo wa kitambaa.

"Na huyo aliyempa maji?"

Vindo alimwonyesha. Salamas alikuwa amelala kifudifudi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, mgongo wake umepakwa dawa, askari mmoja akimlinda bila kumtazama. Matumara alivuka uwanja kwa hatua ndefu, akasimama juu yake. Salamas alifungua macho, akamtambua, akataka kuficha uso.

"Usijifiche," Matumara alisema. "Wewe unapajua mahali."

"Napajua, mama."

"Utaweza kupaona tena? Miezi mitano imepita, nyasi zimeota."

"Kuna mti uliopigwa na radi. Ni hapo chini yake. Napaona kila nikifumba macho."

"Mgongo unauma?"

"Unauma."

"Utapona." Alimtazama Vindo, aliyekuwa ameshamfuata, na nyuma yake kamanda Domnus, ambaye alitikisa kichwa kukubali kabla hajaulizwa, akanyoosha mkono kuelekea gatini kwenye mashua.

Matumara aliinama, akaviokota viatu vya Salamas kutoka chini ya benchi, akavipangusa vumbi, akaviweka mbele yake.

"Basi vaa," alisema. "Twende ukanionyeshe, jua bado lipo."